Mwongozo kamili: kujenga wimbi la OTFS kwenye laptopu yako na kulipima na OFDM mpaka namba zikubali

OFDM ni namna ya kutuma data kwa kuigawa kwenye masafa mengi membamba, yaani sabkeria, na OTFS ni wimbi jipya linaloisambaza kila simboli fremu nzima. Maswali ninayotumiwa kila wiki kuhusu kuzilinganisha ni yaleyale. "Grafu yangu ya OTFS iko sawasawa na ya OFDM, kwani nimekosea wapi?" Mwengine anasema yake imepita hata nadharia, anafurahi, kumbe hapo ndipo pabaya zaidi. Mwengine laptopu imeganda tu. Karibu wote shida yao ni moja, wameandika kila kitu kwa mkupuo, kuanzia biti mpaka ikwalaiza (ile inayosafisha ishara kwa mpokeaji), halafu mwisho ndio wanatazama kama kinafanya kazi, na ikikataa hakuna anayejua pa kuanzia.

Kwa hivyo hapa twaenda kituo kwa kituo, na kila kituo kina namba yake. Namba isipotoka usisogee. Hata kama umebakisha hatua moja na project ni ya kukabidhi kesho, usisogee.

Historia siweki. Kama OFDM hujawahi kuisikia kabisa, soma kwanza halafu urudi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Laptopu ya RAM 8 GB. Ya 4 GB itafanya kazi ila funga brauza.
- Python 3 na laibrari tatu: numpy, scipy, matplotlib. Zote ni za bure. Octave pia inafaa lakini mistari ya msimbo hapa ni ya Python.
- Karatasi na kalamu. Sifanyi mzaha, hatua ya kwanza ni ya karatasi.
- Kama huna laptopu nzuri, Google Colab yaendeshwa hata na simu, ila bando ikikatika katikati utapoteza kazi, kwa hivyo hifadhi matokeo ya kila pointi kwenye faili pindi yanapotoka. Na sisi wa laptopu pia tuhifadhi hivyohivyo, stima haipigi hodi ikiondoka.
- Si lazima: redio ya programu kama ADALM-Pluto, kebo ya SMA, na kipunguza nguvu cha 30 dB. Hii ni ya hatua ya mwisho tu, usiinunue kabla ya hapo.

## Hatua ya 1: Andika chaneli yako kwenye karatasi

Umbo la wimbi ni jibu, na swali lenyewe ni chaneli, yaani yote yanayoipata ishara njiani kabla ya kumfikia mpokeaji. Ukianza na jibu utapata shida.

Unahitaji namba mbili. Ya kwanza ni mwangwi wako unachelewa kiasi gani. Ya pili ni kusogea kwa masafa kwa sababu ya mwendo, yaani Doppler, ambayo ni spidi mara masafa gawanya kwa spidi ya mwanga.

Tuchukue vitu tunavyoviona hapa Mombasa, masafa yakiwa 3.5 GHz:

- Chombo kinachovuka Likoni kwa kilomita 10 kwa saa: kama Hz 32. Hakuna kitu hapo.
- Treni ya SGR ikitoka Miritini na kufika kilomita 120 kwa saa: Hz 389.
- Ndege inayoshuka Moi International ikiwa kwenye kilomita 250 kwa saa: Hz 810.
- Treni ya kasi ya kilomita 500 kwa saa, ambayo huku hatuna: Hz 1620.

Sasa gawanya kila moja kwa nafasi kati ya sabkeria. Tutatumia 15 kHz, ndogo kuliko zote za data kwenye 5G. SGR inakupa asilimia 2.6, na OFDM inavumilia hiyo bila kulalamika. Ndio maana wengi mnaona grafu mbili zimelaliana! Hamjakosea msimbo, mmeweka mwendo mdogo halafu mnatafuta tofauti ambayo haipo. Ile ya 500 inakupa asilimia 10.8, na hapo ndipo OFDM inaanza kukohoa.

Kuna anayekimbilia 26 GHz akisema Doppler itakuwa kubwa. Kweli, treni ileile ya SGR inatoa kama kHz 2.9, lakini kule juu 5G inatumia nafasi ya 120 kHz, kwa hivyo asilimia inarudi 2.4. Usichanganye masafa ya juu na nafasi ya 15 kHz ili OTFS ionekane shujaa, hiyo ni kumpiga mtu aliyefungwa mikono.

Mwongozo huu unatumia: M = 64 (sabkeria), N = 16 (simboli kwenye fremu, yaani fungu moja linalotumwa pamoja), nafasi 15 kHz, kwa hivyo upana wa bendi ni 960 kHz. Sampuli moja ni mikrosekunde 1.04, sawa na mita 312 na nusu za njia. Tutaweka njia nne, zinazochelewa sampuli 0, 1, 2 na 4. Ile ya mwisho ni mwangwi uliozunguka mita 1250 zaidi, fikiria umegonga ubavu wa meli pale Kilindini kabla ya kukufikia.

Umefaulu ukiwa na: karatasi yenye M, N, ucheleweshaji na Doppler ya juu kabisa, na unaweza kusema Doppler yako ni asilimia ngapi ya nafasi ya sabkeria.

## Hatua ya 2: Biti na nguvu ya moja

```
import numpy as np
M, N, L = 64, 16, 5
fs = M*15e3
g = np.random.default_rng(7)
biti = g.integers(0, 2, 2*M*N)
q = ((1-2*biti[0::2]) + 1j*(1-2*biti[1::2]))/np.sqrt(2)
X = q.reshape(M, N, order="F")
```

Hiyo 7 ni mbegu ya namba za nasibu. Iwache hivyo wakati wa kurekebisha, la sivyo kila ukiendesha utapata matokeo mapya na hutajua kama umerekebisha au ni bahati tu.

Na ile order="F" iwe kila mahali au isiwe popote. Mtu akiiweka sehemu moja na kuisahau nyingine, biti zinarudi zimechanganyika na makosa (biti zilizokosewa gawanya kwa biti zote) yanakwama kwenye 0.5. Ukiona 0.5 popote katika safari hii, tatizo ni mpangilio. Kelele haina lawama hapo.

Umefaulu: np.mean(np.abs(X)**2) inatoa 1.

## Hatua ya 3: OFDM kwenda na kurudi, bila chochote katikati

```
s = np.fft.ifft(X, axis=0, norm="ortho")
s = np.vstack([s[-L:], s]).flatten(order="F")
```

Mstari wa pili unachukua mkia wa kila simboli unauweka mbele, ndio kipande cha kinga, CP. Kazi yake ni kumeza mwangwi wa simboli iliyotangulia. Lazima kiwe kirefu kuliko mwangwi wako mrefu, wetu ni sampuli 4 tumeweka 5.

Tahadhari kubwa: ile norm="ortho". Bila hiyo numpy inagawanya kwa 64 wakati wa kwenda, nguvu yako inashuka desibeli 18, na wewe unaendelea kuweka kelele ukidhani nguvu ni moja. Hili ndilo kosa linaloongoza katika grafu zote ninazotumiwa, halina hata mpinzani.

Rudi nyuma: kata CP, piga FFT, yaani mageuzi ya kutoka muda kwenda masafa, kwa norm ileile, linganisha na X.

Umefaulu: tofauti kubwa kabisa ni kama 10 kwa kipeo cha −15. Ikiwa 0.01 au 0.3, hiyo si "karibu sawa", hiyo ni kosa.

## Hatua ya 4: Kelele tu

Hapa tutakaa kidogo maana hapa ndipo wengi wanaanguka bila kujua wameanguka.

Hakuna njia nyingi, hakuna mwendo, ni kelele peke yake. Kwa QPSK, yaani simboli za biti mbili mbili kama zetu, nadharia inajulikana mpaka desimali, hauna pa kujificha:

- Eb/N0 (nishati ya biti gawanya kwa kelele) ya 0 dB: makosa 0.0786
- 4 dB: 0.0125
- 8 dB: 0.00019

Sasa msimbo:

```
EbN0 = 10**(dB/10)
N0 = 1/(2*EbN0)
k = np.sqrt(N0/2)*(g.standard_normal(len(s)) + 1j*g.standard_normal(len(s)))
```

Zitazame hizo mbili mbili. Ya kwanza ni kwa sababu simboli ya QPSK imebeba biti mbili, nishati ya simboli ni mara mbili ya nishati ya biti. Ya pili ni kwa sababu kelele ina upande wa kawaida na upande wa j, kila upande unabeba nusu. Ni vitu viwili tofauti, na mtu akisahau kimoja anadhani kile chengine kimemtosha.

Grafu yako ikihama, kiasi ilichohama kinakwambia ulipokosea:

Imehamia kulia kwa 3 dB, umesahau mbili moja kati ya hizo. Imehamia kulia kwa 6, umezisahau zote. Kulia kwa 18, rudi hatua ya 3 ukaweke ortho. Imehamia kushoto, yaani ni bora kuliko nadharia, basi usisherehekee, hakuna anayeishinda hiyo mistari bila msimbo wa kurekebisha makosa, umepunguza kelele mahali au unahesabu biti vibaya.

Kuhusu kuhesabu: kila pointi ya grafu iwe na angalau makosa 100 uliyoyaona. Kwenye makosa ya 10 kwa kipeo cha −4 hiyo ni biti milioni moja, na fremu yetu moja ina biti 2048, kwa hivyo ni kama fremu 490. Mtu anaendesha fremu kumi, anapata makosa sifuri kwenye 10 dB, anaandika "mfumo wangu haukosei". La hasha, hujasubiri tu.

Umefaulu: pointi zako zinakaa juu ya mstari wa nadharia, kalamu haipiti katikati.

## Hatua ya 5: Mwangwi bila mwendo

Sasa njia nne, Doppler sifuri kwanza.

```
def chaneli(s, h, l, nu):
    n = np.arange(len(s))
    r = np.zeros(len(s), complex)
    for a, b, c in zip(h, l, nu):
        r += a*np.exp(2j*np.pi*c*(n-b)/fs)*np.roll(s, b)
    return r
```

Kila njia ipewe h ya nasibu, nguvu ya wastani 0.25, ili zote nne zijumlike moja. Ni wastani ndio uwe moja. Wako wanaogawanya h kwa ukubwa wake kila fremu ili jumla iwe moja kila mara, hao wameiua ile hali ya chaneli kufifia ghafla na grafu inatoka nzuri kupita kiasi.

Np.roll inazungusha mkia wa fremu mpaka mwanzo, najua, lakini uchafu huo unaangukia ndani ya CP ya kwanza na tunaikata, kwa hivyo hauna madhara.

Upande wa kupokea, gawanya kila sabkeria kwa namba yake ya chaneli. Tumia chaneli halisi unayoijua, mambo ya kuikadiria tuyaweke kando. Ukianza na makadirio leo utakuwa na makosa mawili yaliyokumbatiana.

Umefaulu: 10 dB inatoa karibu 0.0233, na 20 dB karibu 0.0025. Grafu imelala sana kulinganisha na hatua ya 4, ndivyo inavyotakiwa, usishtuke. Kila fremu iwe na h mpya, na hapa hesabu pia fremu maana makosa huja kwa mafungu, fremu moja mbaya inaweza kukupa makosa mia peke yake na ukadhani umemaliza.

## Hatua ya 6: Washa mwendo

Kila njia ipewe Doppler yake: 1620 mara kosaini ya pembe ya nasibu. Baadhi zitakuwa hasi, sawa tu, mwangwi wa nyuma yako.

Ile namba ya kugawanya kwenye kila sabkeria sasa inabadilika kila simboli, chukua wastani wa kila njia ndani ya simboli hiyo kabla ya kujumlisha.

Kitakachotokea: sabkeria zinaanza kumwagikiana. Kiasi cha kumwagika kwa makadirio ni (π × Doppler × muda wa simboli) mraba, gawanya kwa 6. Kwa Hz 1620 na mikrosekunde 66.67 unapata kama 0.019, yaani kelele ya ndani iliyo 17 dB chini ya ishara, na hii haiondoki hata uongeze nguvu ya mtambo mpaka jirani walalamike, kwa sababu ikiongezeka ishara na yenyewe yaongezeka.

Umefaulu: grafu ya OFDM inashuka halafu inalala, inagota karibu na 10 kwa kipeo cha −2. Ukiweka Hz 389 ya SGR, sakafu inashuka sana na kwenye 20 dB hutaiona vizuri. Jaribu zote mbili, hii ya pili ndiyo itakayokufundisha lini *usihitaji* wimbi jipya.

## Hatua ya 7: OTFS yenyewe

Vitabu vinaeleza OTFS kwa kurasa, mageuzi mawili moja juu ya jengine. Ukitumia palsi za mstatili, yaani hakuna kulainisha kingo, mageuzi mengi yanafutana na kinachobaki ni mstari mmoja:

```
s = np.fft.ifft(X, axis=1, norm="ortho").flatten(order="F")
s = np.concatenate([s[-L:], s])
```

Tofauti na OFDM ni axis. Kule tulipiga kwa kusimama, hapa tunapiga kwa kulala. Na CP ni moja tu kwa fremu nzima. Watu wakiona hivi hawaamini, wanarudi kuandika mageuzi yote mawili kwa mkono na wanakosea alama ya hasi mahali. Amini tu, na jaribio linalokuja litathibitisha.

Maana yake: X sasa si sabkeria na simboli tena, ni ucheleweshaji na Doppler. Kila simboli ya QPSK imesambaa fremu nzima, ni kama tui kwenye wali, huwezi kuonyesha punje moja ukasema tui liko hapa. Ndiyo sababu shimo moja kwenye chaneli halimezi simboli nzima.

Rudia hatua ya 3 na ya 4 kwa OTFS. Kwenye kelele tupu lazima ilaliane na OFDM kabisa. Ikiwa bora au mbaya kuna norm umesahau.

Halafu fanya jaribio hili, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Weka X yote sifuri, kisha X[0,0] iwe 1. Pitisha kwenye chaneli bila kelele, kata CP, rudisha:

```
Y = np.fft.fft(r.reshape(M, N, order="F"), axis=1, norm="ortho")
```

Chora np.abs(Y). Utaona nukta nne zimewaka, moja kwa kila njia. Mstari wa ngapi kwenda chini ni ucheleweshaji, mstari wa ngapi kwenda kulia ni Doppler, kila hatua ikiwa Hz 937.5. Weka njia iliyochelewa sampuli 2 na Doppler ya Hz 937.5 na nukta lazima itue kwenye [2,1]. Weka hasi 937.5 itue [2,15], kwa sababu hasi zinaanzia mwisho.

Ukiweka Doppler isiyo kizidisho kamili, tuseme Hz 1300, nukta inapakaa kulia na kushoto. Si kosa hilo. Fremu yetu ni fupi, milisekunde 1.07, haina uwezo wa kutenganisha zaidi ya hapo. Ongeza N nukta inakuwa kali.

Kwa mkato, huo mchoro ni rada. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ilipopitisha mfumo wa IMT-2030, yaani 6G, Novemba 2023, iliweka mawasiliano yaliyounganishwa na kuhisi mazingira kuwa moja ya matumizi sita makuu, na mchoro wenye nukta nne ndio unaokuonyesha kwa nini watu wanaitaja OTFS wakiongea habari hizo.

Umefaulu: nukta zinatua pale ulipoziweka. Zikitua kwengine usiende hatua ya 8, hakuna ikwalaiza itakayokuokoa.

## Hatua ya 8: Ikwalaiza, na RAM yako

OTFS haigawanywi sabkeria moja moja. Inabidi ufungue fremu nzima pamoja, kwa matrisi.

Usiijenge matrisi kwa fomula. Ipitishe matrisi ya utambulisho kwenye msimbo wako uleule, weka CP, chaneli, kata CP:

```
G = np.column_stack([chaneli(np.concatenate([e[-L:], e]), h, l, nu)[L:] for e in np.eye(M*N)])
A = G.conj().T
sh = np.linalg.solve(A @ G + N0*np.eye(M*N), A @ r)
```

Faida ya njia hii ni kwamba G haiwezi kutofautiana na chaneli yako, maana *ni* chaneli yako. Wanaotumia fomula husahau kwamba hesabu ya muda imeanzia ndani ya CP na inatofautiana na yao kwa sampuli 5, fezi zinazunguka kidogo, makosa yanakuwa "kiasi", na wanatafuta wiki nzima. Kisha sh unaipanga M kwa N na kupiga FFT kama hatua ya 7.

Tahadhari ya RAM: fremu yetu ina sampuli 1024, matrisi ni kama MB 16. Vizuri. Sasa kuna kijana amesoma mahali M = 512 na N = 128, akaziweka hivyohivyo, hapo matrisi moja inataka zaidi ya GB 68. Laptopu haikuharibika, ndugu yangu, umeibebesha kontena kwa mkokoteni tu. Kwa fremu kubwa kuna mbinu za kupitisha ujumbe zinazotumia ile hali kwamba G karibu yote ni sifuri, lakini kwanza ipate hii ndogo.

Umefaulu: kwa Hz 1620, OTFS inaendelea kushuka pale OFDM ilipolala, na mteremko wake ni mkali zaidi.

Sasa ngoja kabla hujaandika hitimisho. Umempa OTFS matrisi kamili na OFDM umempa kugawanya moja moja, haki iko wapi? Mpe OFDM pia matrisi ya 64 kwa 64 kwa kila simboli. Sakafu yake itaondoka kwa kiasi kikubwa. OTFS bado itashinda kwa mteremko bila msimbo wa kurekebisha makosa, lakini ukiweka msimbo mzuri na kuchanganya biti vizuri, OFDM inarudisha sehemu kubwa ya pengo. Grafu tatu kwenye ukurasa mmoja, hiyo ndiyo ripoti ambayo mwalimu wako hataweza kuitoboa.

Hesabu pia gharama za CP. OFDM yetu inalipa sampuli 5 kwa kila 64, kama 0.33 dB. OTFS inalipa 5 kwa 1024, 0.02 dB. Hii ni ya OTFS kihalali. Lakini OTFS nayo lazima ingoje fremu nzima ya milisekunde 1.07 ndio ifungue biti ya kwanza, OFDM inafungua kila simboli ikifika. Kwa mtu anayetaka majibu ya haraka hilo si jambo dogo. Mimi binafsi kwa treni ya kilomita 120 singebadilisha wimbi hata kidogo.

## Hatua ya 9: Vilele vya nguvu

Fupi hii. Kipaza nguvu cha mtambo kinachukia vilele, na kilele gawanya kwa wastani ndio PAPR. Kwenye sampuli, OFDM yetu inaweza kufika 18 dB kwa bahati mbaya kabisa kwa sababu inajumlisha sabkeria 64, OTFS 12 dB kwa sababu inajumlisha 16.

Hayo ni ya nadra sana. Chora uwezekano wa kuvuka kila kiwango na utaona tofauti halisi ni ndogo, usitarajie miujiza kama N si ndogo. Mambo mawili tu: pitisha ishara kwenye scipy.signal.resample mara 4 kabla ya kupima maana vilele hujificha kati ya sampuli, na pima kwa muda sawa, simboli 16 za OFDM dhidi ya fremu moja ya OTFS. Anayepima simboli moja dhidi ya fremu nzima amelinganisha dagaa na papa.

## Hatua ya 10: Kebo, kwa wenye redio

Usirushe hewani. Masafa Kenya yanasimamiwa na Communications Authority, na kurusha bila kibali ni kosa la kisheria hata kama ni "project tu". Unganisha mlango wa kurusha na wa kupokea wa Pluto kwa kebo, katikati kipunguza nguvu cha 30 dB, bila hicho mlango wa kupokea utazidiwa. Viunganishi vya SMA kwa hewa yetu ya chumvi vinafanya kutu haraka, vifunike ukimaliza.

M iongeze iwe 256 ili sampuli ziwe milioni 3.84 kwa sekunde. Hapo G inakuwa kama MB 268, bado yabebeka. Punguza kilele cha s kisizidi uwezo wa kibadilishaji, kile kinachogeuza namba kuwa wimbi, la sivyo kinakatwa na nukta zako za QPSK zinakuwa wingu.

Tumia redio moja kwa kurusha na kupokea mwanzoni, kwa sababu saa ni ileile. Ukiweka mbili, saa ya Pluto ya kawaida inaweza kukosea sehemu 25 kwa milioni, ambayo kwenye 2.4 GHz ni 60 kHz, mara nne ya nafasi ya sabkeria zako, hapo utaona Doppler ya ajabu na hakuna kitu kilichosogea hapo mezani.

Umefaulu: rudia jaribio la X[0,0]. Kwenye kebo fupi utaona nukta moja iliyowaka. Ikiwa iko kwenye Doppler sifuri lakini mstari wa chini zaidi, ni kuchelewa ndani ya mtambo, tafuta mwanzo wa fremu upya. Ikiwa imehamia kulia au kushoto, ni masafa hayajalingana.